Mchagua Kifaa wa Torfadalur

Daktari Hallbjörn alikuwa na gari refu kiasi kwamba Sólrún, mkewe, alilipanda kwa kigoda. Lilijengwa kwa ajili ya kuvuka mito, barafu na nyika ya mawe iliyo katikati ya nchi, na kazi yake kubwa ilikuwa kumpeleka mwenyewe kutoka nyumbani kwake mjini Akureyri hadi kliniki yake ya meno, mwendo ambao bibi kizee angeutembea bila kutoka jasho. Hapo kliniki lilichukua nafasi ya magari mawili, na wagonjwa wakaliheshimu.

Lakini heshima ya wagonjwa haikuwa dawa ya kilichomuuma. Kilichomuuma kilikuwa ukweni, katika bonde la Torfadalur alikozaliwa Sólrún. Kila Septemba watu wa bonde hilo hupanda mlimani kuwateremsha kondoo walioachwa huko kiangazi kizima wajilishe wenyewe. Na kila Septemba Hallbjörn alivaa sweta lake la sufu, akaenda, akapewa kazi ya kufungua na kufunga lango la zizi pamoja na watoto wa chekechea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alikuwa ameoa huko, amezaa, amepata wajukuu, na jembe bado hajalishika.

Aliyegawa majembe alikuwa Steinvör, dada mkubwa wa Sólrún. Ndiye mfalme wa mlima, yaani msimamizi wa kazi yote ya kuteremsha kondoo. Cheo hicho huitwa mfalme hata akikikalia mwanamke, na uamuzi wake hauna rufaa. Hallbjörn alimwita shemeji. Steinvör alimwita Daktari. Sasa, katika nchi ambayo hata waziri huitwa jina lake la kwanza na muuza samaki, "Daktari" si heshima. Ni uzio, na Hallbjörn alikuwa akiutazama uzio huo miaka yote kutoka upande wa nje.

Basi mwaka huo, mwishoni mwa majira ya baridi, simu ikalia.

"Daktari, lile gari lako linakwenda?"

"Linakwenda, shemeji! Tena lina magurudumu ya—"

"Sikuuliza lina nini. Ketill amewekewa nyonga mpya, hawezi kuendesha gari la chakula mwaka huu. Utapeleka wewe, mpaka kibanda cha Sandfell. Watu watakuwa wameshinda mlimani na mvua, wakifika jioni nataka wakute supu ya moto."

"Wataikuta, shemeji."

"Wakiikosa, hilo neno shemeji ulimeze."

"Na njia je?"

"Njia ipo," alisema Steinvör, akakata simu.

Mtu mwingine angeridhika na jibu hilo. Njia ipo, gari lipo, na kati ya Machi na Septemba kuna kiangazi kizima cha kwenda kuitazama. Sólrún alilisema hilo mezani siku ileile. "Si twende tu Jumapili moja tukaione? Tunabeba kahawa yetu, tunabeba mkate."

"Tukaione bila kifaa cha kuonyesha njia? Itatusaidia nini?"

"Macho je?"

"Sólrún, mke wangu, macho hayana ramani."

Mchagua jembe si mkulima, na mchagua kifaa si dereva. Hallbjörn aliingia katika kuchagua GPS kama wengine wanavyoingia katika dini wakiwa watu wazima. Alisoma mtandaoni maoni ya watu wa Australia kuhusu vumbi na ya watu wa Kanada kuhusu dubu. Mgonjwa aliyekaa kitini mdomo wazi aliulizwa anatumia kifaa gani, na kwa kuwa hakuweza kujibu, alielezwa.

Shida yake ilikuwa moja. Vifaa vya mjini vilijua kila mtaa, kila mzunguko wa barabara, na kila mahali panapouzwa piza, lakini ukivitoa nje ya lami vilionyesha karatasi nyeupe na mshale ulioduwaa. Vifaa vya mlimani vilijua kila kilima na kijito, lakini mjini havikutofautisha barabara na ukuta. Yeye alitaka kimoja cha yote mawili. Kwa nini mtu atake kuongozwa mjini Akureyri, ambako ukikosea njia unajikuta baharini ukarudi, hilo halikumsumbua.

Alinunua cha mjini, akakirudisha. Akanunua cha mlimani, akakijaribu kwa kwenda kununua mkate kwenye duka ambalo amenunua mkate tangu aoe. Kikampitisha uani kwa kasisi, kikamtaka apande ngazi za kanisa. Kasisi alitoka na taulo kiunoni. "Umepotea, Daktari?"

"Hapana, najaribu kitu."

"Jaribu kwingine, ndugu yangu, mke wangu anaoga."

Hapo akaona bora aulize wajuzi. Wenye magari makubwa wa Akureyri walikuwa na chama chao, na chama kilikutana kila Alhamisi kwenye kituo cha mafuta, kwa sababu hapo ndipo palipouzwa soseji. Magari yalisimama nje, kila moja na winchi yake, koleo lake na tangi la akiba. Wenyewe walisimama ndani, soseji mkononi na haradali kidevuni, wakizungumzia nyika. Wengi wao kutoka hapo walirudi nyumbani kulala.

Chama kilikuwa na madhehebu mawili. Wa kwanza walikuwa watu wa Sauti, walioamini kwamba kifaa kisichosema na dereva ni picha tu. Wa pili walikuwa watu wa Mistari, waliotosheka na mstari wa njia kwenye skrini na kusema mwanamume anayeambiwa pa kukata kona akae nyumbani. Walibishana kwa hoja, kisha kwa takwimu, kisha kwa kutajiana magari yaliyowahi kuvutwa kwa kamba. Mwenyekiti, Arngrímur, ndiye aliyewapatanisha. Alikuwa wakala wa bima aliyewahi kupata ajali nyingi mpaka kampuni yake mwenyewe ikasita kumkatia bima, na kwa hiyo alihesabiwa kuwa na uzoefu.

"Kifaa ni sanduku tu, Daktari," alisema Arngrímur. "Roho yake ni njia iliyorekodiwa. Unataka kwenda wapi?"

"Kibanda cha Sandfell."

"Mbona umefika! Mimi nimeiendesha hiyo, nimeirekodi. Tazama." Akafungua skrini yake. Barabara ya serikali ilizunguka kwa mbali, ikipinda kulia na kushoto kama mlevi anayetafuta funguo. Njia ya Arngrímur ilitoka kwenye barabara hiyo ikaenda moja kwa moja hadi kibandani. "Imenyooka kama uzi. Unafika kwa nusu ya muda."

"Mito je?"

"Hata tone la maji sikuona."

"Mawe?"

"Laini kama meza hii."

Hallbjörn aliuliza maswali mengi ya akili. Aliuliza hewa ya magurudumu, aliuliza mwanga wa skrini, aliuliza kama sauti ilisikika dirisha likiwa wazi. Arngrímur alijibu yote, na hakusema uongo hata mmoja.

Mwezi Agosti akanunua, na Arngrímur akamwekea ile njia yake ndani. Kilikuwa kifaa cha mjini na mlimani pamoja, kikubwa sawa na ubao wa kukatia mkate, na Sólrún alilalamika kwamba hakioni tena kioo cha mbele. Kiliguswa kwa glavu. Kilihimili maji, jiwe na baridi. Kilikuwa na sauti ya mwanamke mtulivu iliyotamka majina ya kwao kwa namna ambayo hata mito yenyewe isingeitika. Pembeni, chini ya kifuniko, palikuwa na kitufe chekundu cha kuomba msaada: ukikibonyeza, setilaiti inawajulisha waokoaji ulipo. Hallbjörn alimwonyesha mkewe kitufe hicho kwa fahari.

"Na hicho utakitumia lini?" aliuliza Sólrún.

"Kamwe. Lakini kifaa kisicho nacho si kifaa."

Siku ikafika. Wakusanya kondoo walipanda mlimani asubuhi, wengine kwa farasi na wengine kwa miguu, ndani ya mvua nyembamba inayoingia mpaka kwenye soksi. Adhuhuri Hallbjörn aliondoka peke yake na sufuria ya supu ya kondoo iliyofungwa kifuniko kwa kamba, nyama ya moshi, mikate bapa, samaki wakavu, kahawa, na chupa za pombe kali za kuwapasha moto. Sólrún alibaki bondeni kuwasaidia wanaoandaa zizi. Alimbusu mumewe shavuni, akamwambia, "Ukiona kibao, kifuate."

Kibao alikiona. Kilikuwa cha njano, kikubwa, kimesimama njiapanda, kimeandikwa SANDFELL, mshale wake unaelekea kulia. Hallbjörn alipunguza mwendo.

"Endelea moja kwa moja," alisema yule mwanamke.

Alikitazama kibao, akakitazama kifaa. Kibao kiliwekwa na serikali. Kifaa alikichagua mwenyewe, kwa miezi yote ile, kwa akili zake zote. Akaendelea moja kwa moja.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri mno. Ardhi ilikuwa mchanga mweusi, tambarare, na gari liliteleza kimya. Kuendesha nje ya njia ni kosa huko, tena kosa la aibu kuliko wizi, maana alama ya gurudumu kwenye mimea laini inayotanda ardhini hukaa kizazi kizima. Lakini hapa hapakuwa na mmea wala jani, na Arngrímur alishapita. Hallbjörn alianza kuimba. Alijiona anafika kibandani mapema, supu inachemka, Steinvör anafungua mlango na kusimama hapo bila neno la kusema.

Mchanga ukawa laini, kisha ukawa tope. Mbele yake kulikuwa na maji ya kijivu, mapana, yametulia.

"Endelea moja kwa moja," alisema mwanamke.

"Lakini kuna maji," alisema Hallbjörn.

"Endelea moja kwa moja."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Gari lake lilijengwa kuvuka maji, mtaa mzima ulijua hivyo, na kurudi nyuma sasa kungekuwa kukubali kwamba kibao kilikuwa na akili kuliko yeye. Akaingia. Gari lilikwenda vizuri, likaenda vizuri tena, kisha likainama puani kama ng'ombe anayekunywa, na injini ikanyamaza. Maji yakapita chini ya mlango bila kubisha hodi.

Ndipo Hallbjörn alipoigusa kona ya skrini, pale ambapo kifaa kizuri huonyesha kila kitu kuhusu njia: nani aliirekodi, kwa mwendo gani, na lini. Arngrímur aliirekodi mwezi Machi. Mwezi Machi nyika yote hulala chini ya theluji na ziwa la Hrafnavatn huwa barafu nene inayobeba lori. Ilikuwa njia ya majira ya baridi. Ilinyooka kwa sababu ilipita juu ya ziwa, na hakuona tone la maji kwa sababu maji yalikuwa chini yake, yamelala. Kila mwenye gari kubwa nchini anajua kwamba kuna njia za theluji na njia za kiangazi. Hallbjörn naye alijua. Alikuwa amejua hivyo tangu utotoni, na hakuuliza.

Simu haikushika mtandao. Alijaribu kushuka, mguu ukazama mpaka pajani, akaurudisha. Maji yalifika kitini. Akaisukuma sufuria ya supu dirishani, akaipandisha juu ya paa, akaifuata mwenyewe, akakaa ameikumbatia kwa mikono na miguu, kifaa shingoni kwa kamba yake. Mvua iliendelea. Kifaa kilikuwa kizima kabisa, chaji imejaa, skrini inang'aa.

Alikitazama kile kitufe chekundu kwa muda mrefu. Hakuogopa kufa, aliogopa kuokolewa. Waokoaji wa nchi hiyo si askari wanaotoka mbali. Ni watu wa kujitolea wa palepale, na kikosi cha Torfadalur kilikuwa ni watu walewale waliokuwa mlimani muda huo na njaa yao, wenye redio viunoni, na mkuu wa kikosi alikuwa Steinvör. Kubonyeza kitufe ni kuwaambia watu wanaokusubiri uwalishe kwamba waje wakuokoe kwanza. Alihesabu aibu, akahesabu baridi. Meno yake yalipoanza kugongana, naye ni mtu anayejua thamani ya meno, akabonyeza.

Walikuja kwa farasi, wameloa, nyuso zimekonda kwa njaa. Walisimama ufukweni wakamwona daktari wa meno akiwa juu ya paa katikati ya ziwa, amekumbatia sufuria. Hakuna aliyecheka. Steinvör alimwingiza farasi wake majini taratibu mpaka akafika ubavuni mwa gari.

Hallbjörn alijiandaa. Alitaka atukanwe. Aliyataka matusi yote anayoyapata mtu wa bonde akivunja uzio au akipoteza kondoo, na Steinvör alijulikana mpaka mabonde ya mbali kwa matusi yake.

"Umeumia, Daktari?" aliuliza Steinvör kwa upole.

"Hapana, shemeji. Shemeji, mimi—"

"Usijali. Usijali kabisa. Tumeshafika sasa."

Moyo wa Hallbjörn ulizama kuliko gari. Sauti hiyo aliijua. Ndiyo sauti ambayo Steinvör aliwasemesha nayo watalii wa Kijerumani waliokwama mtoni mwaka uliopita wakiwa na gari la kukodi na viatu vya wazi. Wakamfikisha ufukweni, wakamvika blanketi la rangi ya fedha, wakampa kipande cha chokoleti, wakamuuliza kama anakumbuka jina lake. Ndivyo wanavyofundishwa kuwatendea wageni.

"Nyama ya moshi imeloa," alisema Hallbjörn. "Mikate imekwisha. Kibao nilikiona. Jamani, kibao nilikiona kwa macho yangu!"

"Mtu yeyote anaweza kukosea," alisema Steinvör, akampigapiga begani.

Supu ililiwa usiku kibandani, vuguvugu, kwa zamu ya vijiko. Kila mmoja alimshukuru. Asubuhi gari lilivutwa kwa trekta, injini ikakaushwa mpaka ikawaka, na mwenye trekta akasema hata yeye lile ziwa huwa linamchanganya, jambo ambalo lilikuwa uongo mtupu, maana alizaliwa ufukweni mwake.

Njiani kurudi Akureyri, ndani ya gari lililonuka matope, Hallbjörn alisema walipokaribia mji:

"Hawakunitukana, Sólrún."

"Si vizuri? Wamekuonea huruma."

"Ndiyo," alisema. "Wamenionea huruma." Akazima kifaa.

Mwezi Februari watu wa Torfadalur hufanya karamu yao ya kipupwe katika ukumbi wa bonde. Huliwa vitu vilivyozikwa, vilivyokaushwa na vilivyochachushwa tangu vuli: papa mwenye harufu ya kuzindua maiti, makende ya kondoo dume, vichwa vilivyobanikwa. Watu wakishashiba na pombe ikishapanda, kamati huigiza upuuzi uliofanywa bondeni mwaka mzima, na aliyeufanya hukaa palepale akijitazama. Hawagusi wageni. Mgeni akifanya upuuzi, hiyo ni shida ya kwao. Hallbjörn alikuwa amehudhuria karamu nyingi, amecheka upuuzi wa watu wengi, na jina lake halijatajwa hata kwa kuteleza.

Mwaka huo hakutaka kwenda. Sólrún alimvalisha tai kama anayemvalisha mtoto, wakaenda, wakakaa nyuma karibu na mlango.

Taa zikazimwa. Likaingia gari la maboksi, refu mpaka kwenye dari, limebebwa na wanaume wanne waliokuwa magurudumu. Ndani yake alikuwa Steinvör, amevaa koti jeupe la kliniki, amekumbatia sufuria. Kando yake aliketi Ketill na nyonga yake mpya, amejitanda shali ya mkewe, midomo imepakwa rangi.

"Mpenzi," alisema Steinvör kwa sauti nzito, "naona kibao!"

"Endelea moja kwa moja," alisema Ketill kwa sauti nyembamba.

"Mpenzi, naona ziwa!"

"Endelea moja kwa moja."

"Mpenzi, naona samaki dirishani!"

"Mfungue kinywa, mpenzi," alisema Ketill. "Tuangalie kama meno yake yameoza."

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga meza, mzee mmoja alimwaga glasi yake. Sólrún aliushika mkono wa mumewe chini ya meza. Hapo jukwaani Ketill akatoa kifaa cha kuigizia, kipande cha boksi la sigara, akakiweka mbele ya Steinvör. Hallbjörn akasimama. Hakujua amesimama mpaka aliposikia sauti yake mwenyewe.

"Hakikuwa kidogo hivyo! Kile kilikuwa kikubwa mara tatu ya hicho! Na skrini yake ilikuwa inaguswa kwa glavu!"

Vichwa vyote vikamgeukia. Kisha Steinvör akatoa kichwa dirishani mwa gari la maboksi.

"Kaa chini, shemeji, mjinga wewe! Hata ziwani hatujafika!"

Hallbjörn akakaa. Alicheka mpaka machozi yakamshuka kwenye tai, na Sólrún, aliyemjua, aliona kwamba si yote yalikuwa ya kicheko. Steinvör hakumwachia hata kidogo. Alimtukana kwa ajili ya sufuria, kwa ajili ya kasisi na taulo lake, kwa ajili ya mikate, kwa ajili ya Arngrímur na soseji zake, akamtukana mpaka watu wakaomba wapumue.

Baadaye, meza zikiondolewa ili watu wacheze, Hallbjörn alimkuta Steinvör pembeni anafuta jasho usoni, bado na koti lake jeupe.

"Siku ile ziwani hukunitukana hata kidogo," alisema Hallbjörn. "Nilidhani umenikatia tamaa."

Steinvör akachoma kipande cha papa kwa kijiti, akampa.

"Siku ile nilikuwa nayaweka, shemeji. Matusi ya mtu wa nyumbani hayaliwi mabichi."